Serahangi wa Ghala la Nyasi

Kwa miaka yote niliyomfahamu Serahangi, sikumwona akishika kamba. Jambo hili lisingestahili kuandikwa kama angekuwa karani au mpishi, lakini kazi yake ilikuwa kamba. Alikuwa mkuu wa genge lililopandisha nyasi kavu juu ya ghala kwa roda, magurudumu ya kupitishia kamba, katika shamba la ng'ombe wa maziwa lililokuwa kati ya Ukonga na Pugu. Kamba yenyewe, nene kama mkono wa mtoto, ilipita mbele ya macho yake tangu asubuhi hadi jioni. Aliikagua, aliitukana, aliifunika turubai mawingu yakianza kujikusanya. Kuishika, hapana.

Cheo cha serahangi alikuja nacho kutoka bandarini, ambako serahangi ndiye anayesimamia kundi la makuli na kuwapigia kelele mzigo unapopanda na kushuka. Alipenda tuamini kwamba huko alikuwa amepandisha na kushusha vichwa vya treni, na mara moja piano ya Gavana, ambayo kwa maelezo yake ililia yenyewe hewani. Miaka mingi baadaye nilikutana na mzee mmoja aliyefanya naye kazi. Akaniambia kwamba bandarini yule bwana alikuwa mgawa maji, na kwamba alikuwa mgawa maji mzuri sana. Sikumrudishia Serahangi habari hizo. Mtu aliyemsikia akipiga kelele hangekuwa na sababu ya kutilia shaka piano.

Mimi nilikuwa mtoto wa karani wa maziwa. Tulikuwa watu wa bara, Wakristo, tumepewa nyumba ya matofali karibu na zizi, na baba alivaa tai hata akienda kuhesabu ndoo. Baadaye nikapelekwa shule ya bweni, kisha chuo huko Kampala, kisha nikawa mwalimu, na kila mara nikarudi shambani shule zilipofungwa. Kwa hiyo Serahangi ninamjua kwa vipande vya likizo. Sijui alizaliwa lini wala babu zake walitoka wapi. Najua alikuwa Mzaramo, najua alivaa kanzu Ijumaa na kaptula ya kaki siku nyingine, na najua alikuwa anaogopa urefu. Ngazi ya kupandia darini hakuikanyaga hata siku moja. Kitu chochote kikiharibika huko juu alipanda mwingine, naye akabaki chini akimwelekeza kwa uhakika mkubwa mambo ambayo hakuwahi kuyaona kwa karibu.

Lazima nieleze mtambo, maana bila mtambo mtu huyu hana maana.

Mwenye shamba alikuwa Mwingereza aliyekulia katika nchi ambako ng'ombe hufungiwa ndani miezi mizima kwa sababu ya baridi. Alikuja pwani, mahali ambapo nyasi humea hata kwenye paa la nyumba ukizubaa, na bado akaamini kwamba shamba lisilo na nyasi kavu darini si shamba. Akaagiza mtambo kwa meli. Ulikuja katika masanduku: reli ya chuma ya kufunga chini ya mgongo wa paa, kigari kidogo cha kutembea kwenye reli hiyo, roda kadhaa, na uma mkubwa wa chuma wenye meno mawili kama pembe za fahali. Gari la nyasi lilisimamishwa mbele ya ghala. Uma ukachomwa ndani ya nyasi, ndoana zake zikafungwa, kamba ikavutwa, na lundo zima likapanda wima kama mtu anayeitwa mbinguni, likanasa kwenye kigari, likateleza kwenda ndani. Mtu aliyekuwa darini alivuta kijikamba, uma ukaachia, nyasi zikaanguka mahali pake. Kisha genge likavuta kamba nyingine kukirudisha kigari, na kazi ikaanza upya.

Nguvu ya kupandisha ilitoka kwa maksai wawili waliofungwa nira upande wa pili wa ghala. Walitembea kuliacha ghala, kamba ikaja nyuma yao, mzigo ukapanda. Aliyewaongoza hakuweza kuuona mzigo, na aliyeusimamia mzigo hakuweza kuwaona maksai. Kati yao kulikuwa na ghala zima. Karibu kila kitu nitakachosema kuhusu Serahangi kimetokana na ghala hilo kuwa katikati.

Watu wa Pugu waliopita na mkaa wao kwenda mjini walisimama kutazama na kucheka.

"Nyie! Nyasi ziko chini, ng'ombe yuko chini. Mnazipandisha juu zikafanye nini?"

"Mzungu mwenyewe akitaka kula hupandisha chakula kwa uma," Serahangi aliwajibu bila kugeuka. "Sembuse ng'ombe wake?"

Alikuwa na sheria moja aliyoiweka mwenyewe, na shamba zima liliifuata kuliko sheria za mwenye shamba. Watu waliogombana hawakushika kamba moja. Kila asubuhi, kabla ya gari la kwanza, aliwasimamisha watu wake mbele ya ghala na kuuliza, "Nani ana neno?" Mwenye neno alilisema hapohapo. Wakilimaliza, wanashika. Wasipolimaliza, mmoja anakwenda kufagia zizi. Alisema mtu mwenye kinyongo huvuta kwa mkono mmoja hata akitumia yote miwili, na kwamba kamba inajua. Sikubaliani naye kuhusu kamba kujua. Lakini nimekaa kwenye vikao vingi vya walimu tangu wakati huo, na nimeona mizigo ikianguka.

Sheria hiyo ilipojulikana, wanawake wa kambini wakaiona faida yake mapema kuliko sisi. Asubuhi moja alikuja mke wa mmoja wa wavuta kamba, mtoto mgongoni, akasimama mbele ya genge zima.

"Serahangi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule pale asishike kamba."

"Kafanya nini?"

"Muulize mwenyewe."

Mumewe akajikuna shingo. "Mama Asha, si tuyamalize nyumbani haya?"

"Nyumbani hukutaka. Hapa utataka."

"Haya basi. Samahani."

"Sauti!" wakaitikia wenzake kwa furaha. "Huku nyuma hatusikii!"

Aliomba radhi kwa sauti, akaomba tena kwa sababu ya walio nyuma kabisa, na mwanamke akaondoka ameridhika. Mwenye shamba, aliyekuwa amesimama kando na saa yake mkononi, aliuliza kwa nini kazi haianzi. Serahangi akamjibu kwa heshima, "Bwana, kamba bado haijawa tayari." Mwingereza akaenda kuzikagua roda moja moja. Alikuwa mtu mwenye bidii.

Siku moja Mnyamwezi mmoja mrefu, aliyekuwa wa kwanza kwenye kamba na mwenye ulimi mrefu kuliko miguu yake, alithubutu kuuliza lile ambalo wote walikuwa wanalifikiri. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo wengine hawana.

"Na wewe je, Serahangi? Wewe na mdogo wako?"

Serahangi akaitazama kamba iliyokuwa imelala chini kati yao.

"Mie sishiki kamba," akasema. "Mie napiga kelele tu."

Mdogo wake ndiye aliyekuwa anawaongoza maksai upande wa pili wa ghala. Tumbo moja, kazi moja, kamba moja, na hawakuwa wanazungumza. Kila mtu shambani alijua sababu, au alidhani anaijua. Katika msimu wa kwanza wa mtambo, kabla ya mimi kuwa na akili ya kufuatilia, maksai walivuta wakati ndoana za uma hazijafungwa. Lundo likapanda nusu, likachomoka, uma ukaanguka na kukita chini hatua chache kutoka kwa aliyekuwa anaupanga. Upande wa pili maksai, waliokuwa wanavuta kwa nguvu zao zote, ghafla wakakuta hakuna mzigo. Wakaanguka mbele. Mmoja, aliyeitwa Saburi, aliingia kwenye mtaro akavunjika mguu, akachinjwa siku hiyohiyo, na nyama ikagawiwa wafanyakazi kama ilivyokuwa desturi ya pale mnyama akiumia.

Serahangi alisema mdogo wake alivuta kabla ya kuambiwa. Mdogo wake alisema aliambiwa. Serahangi akasema hakusema. Baada ya hapo hawakuambiana kitu kingine. Mkubwa akapata msemo ambao aliutumia kwa kila mtu aliyeharakisha jambo lolote, hata kuchovya muhogo kwenye chai: "Hujaambiwa bado." Alinieleza mwenyewe mara nyingi jinsi alivyokuwa amefumba mdomo siku ile, na akaufumba mbele yangu ili nione. Kuhusu siku ile aliogopa jambo moja tu: kwamba atakufa na watu waendelee kusema alisema "vuta." Mimi niliogopa kwamba watakufa wote wawili bila kusema lolote.

Lakini kazi haiwezi kufanywa na watu wasiosemezana, na mwenye shamba hakuwa na mtu mwingine wa maksai. Kwa hiyo ikabidi genge lililokuwa kati yao libebe maneno. Serahangi akiwa mbele ya ghala aliita:

"Mwambieni avute!"

Genge zima likageukia upande wa pili: "Kasema uvute!"

Kutoka nyuma ya ghala: "Mwambieni navuta!"

"Kasema anavuta!"

Mwanzoni lilikuwa jambo la aibu. Kisha likawa mazoea, na mazoea ya watu wanaovuta pamoja hayakai muda mrefu bila kupata sauti. Mnyamwezi akalitia mahadhi. Mtu wa Mahenge akalitia kitikio cha pili. Baada ya misimu michache, "Kasema uvute" iliimbwa kwa sauti mbili, miguu ikikanyaga pamoja, na ndugu wawili wakaanza kuingiza maneno yao ndani yake.

"Mwambieni asilale!"

"Kasema usilaleee!"

"Mwambieni alale yeye, mie nina ng'ombe!"

"Kasema ulale weweee!"

Wageni wa mwenye shamba walikuja Jumamosi na kamera zao, wakakaa kwenye viti vya turubai, wakasikiliza. Mama mmoja wa Kizungu alilia machozi. Nilimwona.

Na mimi? Mimi niliandika makala. Nikiwa chuoni tulitakiwa kueleza wimbo wa kazi wa watu wetu, na watu wangu hasa hawakuwa na wimbo niliokuwa naukumbuka, kwa hiyo nikauchukua ule wa ghala. Nilieleza jinsi sauti ya mkubwa na sauti ya mdogo zinavyowakilisha rika mbili za jamii ya kale ya pwani, na genge linavyosimama kama daraja kati ya mababu na walio hai. Nilipata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Likizo iliyofuata, kwa ujinga wa ujana, nikawatafsiria genge kipande chake wakati wa chakula cha mchana. Walisikiliza kwa adabu mpaka kwenye mababu. Mnyamwezi akaweka chini kata ya maji.

"Msomi, unasema mababu walinuniana wao pia?"

Kwa likizo kadhaa waliniita Daraja.

Aliyeumia hasa kwa ugomvi ule alikuwa mke wa mdogo wake Serahangi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kicheko cha chini, na alikataa kabisa kushiriki. Mwezi wa Ramadhani alimpelekea Serahangi futari kila jioni, akipita yeye mwenyewe mbele ya ghala na bakuli lililofunikwa. Serahangi alilipokea kwa mikono miwili. Hakurudisha bakuli tupu hata siku moja. Akikosa kitu cha kutia alitia chumvi. "Shemeji hana kosa," alisema. Wakati mwingine alikaa naye kibarazani akimuuliza habari za watoto, za nazi, za mguu wa mtu fulani uliovimba. Mtu huyo fulani, bila shaka, alikuwa anajulikana.

"Bado umevimba," shemeji alisema. "Nenda ukautazame, shemeji. Si mbali. Nyumba ya tatu."

"Mpake mafuta ya nyonyo."

"Nimempaka. Anakutaka wewe, hataki nyonyo."

"Kasema?"

Shemeji hakujua kusema uongo. Alijifunga upya kanga yake, na Serahangi akajua kwamba mumewe hajasema.

Nisije nikamchora kama malaika aliyekwama. Alikuwa na ubishi wa kuchosha. Alijifanya anajua mvua itanyesha lini, na akawa anakosea kila msimu bila aibu. Mwaka mmoja alishawishika kwamba nyasi za darini zimeanza kupata moto zenyewe kwa ndani, kama zinavyofanya zikihifadhiwa mbichi. Akatoboatoboa kwa fimbo ya chuma, akanusa, akatangaza hatari, akafanya genge lishushe ghala zima juani. Nyasi zilikuwa baridi kama tumbo la chura. Wakati zimeanikwa, mvua ambayo alikuwa ameapa haitanyesha ikanyesha. Nilitarajia afedheheke. Alisimama chini ya upenu, maji yakimdondokea kwenye kofia, akasema, "Sasa tunajua zilikuwa salama," na kwenda zake kunywa chai.

Vilevile alipenda sifa kupita kiasi. Wageni wa kamera walipokuja alibadilisha kofia. Na alikuwa mchoyo wa kusifu: katika miaka yote ile sikumsikia akimwambia mtu wa genge kwamba amefanya vizuri. Alichosema mzigo ukifika salama ni "Mwingine." Ila jambo moja nililigundua nikiwa mkubwa, nikikaa darini na kitabu mahali ambapo niliweza kuona pande zote mbili kupitia nyufa za mbao. Kila baada ya "Kasema anavuta," maksai walipoanza kutembea, Serahangi hakuutazama mzigo. Aliutazama ukuta wa ghala, mahali ambapo, kama ukuta usingekuwepo, angemwona mdogo wake. Na upande wa pili mdogo wake alitembea kinyumenyume mbele ya ng'ombe wake, uso ameelekeza kwenye ukuta huohuo.

Mambo yaliisha kama yanavyoisha, kwa injini. Mwenye shamba alizeeka, mwanawe akashika shamba, na mwana hakupenda masanduku ya baba yake. Akaleta mashine ya kufunga nyasi vifurushi na ngazi ndefu ya mnyororo inayotembea yenyewe: unaweka kifurushi chini, mnyororo unakibeba hadi juu. Inataka watu wachache. Haitaki ng'ombe. Na kelele zake ni kubwa kiasi kwamba mtu akikuita ukiwa umesimama ubavuni mwake husikii.

Mwana aliruhusu mtambo wa zamani umalize magari yaliyobaki. Nilikuwa likizo. Wote tulielewa kwamba siku ule uma utakaposhushwa, ndugu wale hawatakuwa tena na njia ya kupelekeana hata "usilale." Mkubwa alikuwa anahamia Temeke kwa binti yake. Mdogo alikuwa anarudi Pugu kwenye shamba lake la mihogo. Mnyamwezi akafanya mkutano mdogo nyuma ya zizi, akatuambia mpango wake. Mimi niliuona mzuri sana, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

Gari la mwisho likaja. Uma ukachomwa, ndoana zikafungwa. Serahangi akakohoa, akaita.

"Mwambieni avute!"

Hakuna aliyegeuka.

"Nyie! Mmelala? Mwambieni avute!"

"Mwambie mwenyewe, Serahangi," Mnyamwezi akasema taratibu. "Si yuko hapo tu?"

Genge likabaki linaitazama kamba. Nyuma ya ghala tulimsikia mdogo wake akisafisha koo. Alikuwa amesikia; siku zote alikuwa anasikia, mbao zenyewe zilikuwa nyembamba. Lakini hakuvuta. Maksai walikuwa wanacheua. Serahangi akautazama ukuta, akalitazama genge, na mimi nikaona, naapa, mdomo ule aliokuwa ameniapia kwamba aliufumba siku ile ukianza kufunguka.

Wakati huo mwana wa mwenye shamba akatokea kwenye jengo la maziwa na fundi wa injini. Akaona gari limejaa, watu wamesimama, na saa inakwenda. Akaweka mikono kinywani.

"Vuta!" akapiga kelele, kwa Kiswahili chake cha nchi za baridi.

Maksai, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, wakavuta. Lundo likapanda, likanasa, likateleza ndani. Serahangi akafunga mdomo. Jioni ileile akaondoka na lori la maziwa, sanduku lake magotini, na mdogo wake akaondoka kwa miguu upande wa pili.

Baada ya hapo nilimwona Serahangi mara chache Temeke, akiwa amekaa kwenye baraza ya binti yake, akiwapigia kelele wajenzi wa nyumba ya jirani ambao hawakumwomba ushauri. Aliniuliza habari za Ukonga, za maziwa, za Mnyamwezi. Za Pugu hakuuliza. Nilikuwa nampa hivyohivyo: mdogo wake ana mbuzi sasa, mguu wake unamsumbua wakati wa masika. Alisikiliza, akasema, "Mwingine," akimaanisha kikombe cha kahawa.

Kisha shemeji akafa.

Nilipata habari baada ya maziko, nikaenda Pugu siku ya pili ya matanga. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi chini ya turubai mbele ya nyumba, wanawake ndani. Mdogo wake alikuwa amekaa ameegemea nguzo, mguu mbovu ameunyoosha. Mnyamwezi alikuwepo. Watani wana kazi yao msibani, na alikuwa anaifanya, akidai kwamba hatatoka mpaka apewe mbuzi mwenye mimba. Watu walicheka kidogo, kama inavyotakiwa.

Mchana, kabla ya adhuhuri, akaja Serahangi. Alikuwa ametembea kutoka stesheni, kanzu ina vumbi mpaka magotini, na alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha. Watu wakageuka kumtazama. Salamu unaweza kumtuma mtu. Barua unaweza kutuma. Pole ya msiba kwetu haitumwi kama una miguu, na wote waliokaa pale walijua kwamba mzee yule amekuja kufanya jambo ambalo hawezi kumpa mtu mwingine amfanyie.

Alisimama ukingoni mwa jamvi. Mdogo wake akamwona. Akageuka kwa aliyekuwa karibu naye, na akafungua mdomo kwa mazoea.

"Mwambieni akae."

"Sisemi," Mnyamwezi akasema. "Mie hapa nimekuja kudai mbuzi. Sikuajiriwa."

Serahangi akavua viatu. Akakanyaga jamvi, akapita kati ya magoti ya watu, akajikalisha kwa taabu mbele ya nduguye.

"Pole," akasema.

"Tumeshapoa," akajibu mdogo wake, kama kila mfiwa anavyojibu.

Ilitosha kwa dini na kwa desturi. Tungeweza wote kushusha pumzi. Lakini Serahangi alikuwa ametembea kutoka stesheni na hakuwa mtu wa kuacha jambo lake.

"Mie siku ile sikusema vuta."

"Yaliisha hayo."

"Yaliisha lini?"

"Siku ileile," mdogo wake akasema. "Labda sikusikia vizuri. Labda ulisema, labda hukusema. Kamba ni kamba, inakosewa." Akausogeza mguu wake kwa mikono. "Wewe ulikula."

"Nilikula nini?"

"Saburi."

Nilimtazama Serahangi. Sikuwahi kumwona mtu akikosa kuelewa kwa uso wazi namna ile.

"Nyama ilipogawiwa," mdogo wake akaendelea, kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza njia. "Watu wote walichukua. Sikuwalaumu, hawakumjua. Wewe ulinishikia pembe zake nilipomfundisha nira. Ukakaa pale kwenye moto, ukala, nakuona. Ukaomba na nyingine."

Serahangi alifungua mikono yake, akaitazama, akaifunga. Ndani wanawake waliendelea kukuna nazi.

"Miaka yote hii," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Neno kama hilo," mdogo wake akauliza, "ningempa nani akuletee?"

Mnyamwezi akainamisha kichwa. Nami nikainamisha changu, mimi Daraja, niliyewaeleza wasomi wa Kampala kwamba sauti hizi mbili zinasemezana tangu enzi za mababu.

Chakula kikaletwa. Serahangi hakunyoosha mkono. Alikitazama chakula, na nilidhani anatafuta namna ya kujitetea, kwa kuwa hicho ndicho kipaji nilichomjua nacho. Alipozungumza ilikuwa kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Ulimtoa wapi yule ng'ombe? Sijawahi kukuuliza."

Mdogo wake akamtazama kama anayepima kama swali ni swali kweli. Kisha akaanza. Alimpata mnadani, ndama aliyekonda, mbavu nje, hakuna aliyemtaka. Alimlisha maganda ya muhogo. Yule ndama aliogopa kuku. Serahangi akauliza kuku wa rangi gani, na mdogo wake akamwambia, na akamwambia na jambo jingine.

Ilinibidi niwahi lori la Ukonga. Nilipoaga hawakunisikia. Walikuwa bado wako kwenye mwaka wa kwanza wa yule ng'ombe, na hajaanza hata kufundishwa nira.